Wapenzi Wasiofanana Katika Riwaya ya Kihistoria: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Rasimu yangu ya kwanza ya riwaya ya mapenzi ya kihistoria ilikufa kwenye sura ya sita. Mwanamume alikuwa mnuni, mwanamke alikuwa mcheshi. Sura tano za mwanzo zilikwenda kama maji mteremkoni: wanataniana, wananuniana, wanatupiana maneno mezani. Nilipofika ya sita, yule mnuni akacheka, na habari ikawa imekwisha. Hapakuwa na kitu kingine kati yao cha kuvuka. Kibaya zaidi, mwaka niliouandika juu ya ukurasa wa kwanza ungeweza kufutwa na kuwekwa mwingine wowote, na hakuna msomaji ambaye angegundua.

Methali ya ndege wa mbawa moja kuruka pamoja ina ukweli wake, lakini haina riwaya ndani yake. Wasomaji wanawapenda wapenzi wasiofanana kwa sababu wanataka kuona daraja likijengwa mahali pasipojengeka. Kazi yetu ni kuhakikisha mto upo kweli.

Hapa chini nitajenga mfano mmoja ninaoubuni mwenyewe, ili uone kila hatua inavyozaa inayofuata. Tuko Uingereza, mwaka 1816. Hester ni mjane mwenye kiwanda kidogo cha kupiga chapa katika mji mdogo mashariki mwa nchi. Gideon ni nahodha wa jeshi la majini aliyerudi nchi kavu baada ya vita. Nimechagua Uingereza ya wakati huo kwa sababu waandishi wengi wa aina hii ya riwaya hupenda kuweka hadithi zao huko, na pia kwa sababu sheria zake za ndoa zilikuwa ghala la matatizo mazuri kwa mwandishi. Wewe unaweza kuzibeba hatua hizihizi hadi nchi nyingine na karne nyingine.

Hatua ya 1: Tafuta swali moja lenye majibu mawili

Wengi huanza na orodha ya tabia: huyu mkali, yule mpole, huyu msomi, yule mtu wa mitaani. Orodha kama hiyo inatoa vichekesho vya sura tatu, kisha inakauka.

Kabla hujampa mhusika jina, andika swali. Liwe swali ambalo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu kwa njia zinazopingana, na kila mmoja akawa na sababu zake. Langu ni hili: mtu afanye nini na kidogo alicho nacho, wakati kesho haieleweki?

Hester, mwenye miaka 29, anajibu: akifungie. Mumewe alimwachia kiwanda na madeni ya kiwanda. Ameyalipa kwa miaka mitatu, peni baada ya peni, na amejifunza kwamba kila sarafu iliyo sandukuni ni komeo moja zaidi mlangoni. Mjini wanamwita mkono wa birika. Gideon, mwenye miaka 34, anajibu: akigawe. Alipanda meli akiwa mvulana wa miaka 12. Somo alilolipata baharini ni kwamba maji yakipungua, nahodha mwenye akili huwapimia wote kipimo kimoja, naye hunywa hichohicho. Meli ambayo kila mtu anaficha biskuti zake imeshazama kabla ya kugusa mwamba.

Angalia kwamba sijasema nani mnuni na nani mcheshi. Hayo yatakuja yenyewe. Mtu anayefungia vitu hujifunza kufungia hata maneno, na mtu anayegawa hugawa hata mizaha, hivyo huenda ukajikuta na mnuni na mcheshi vilevile, ila safari hii kuna kitu kinachowafanya wawe hivyo.

Sasa fanya zoezi moja ambalo silirukagi. Mwandikie kila mmoja ukurasa mzima wa kujitetea, kana kwamba yuko mbele ya hakimu. Mpe hoja bora kuliko ulizo nazo wewe mwenyewe. Ukimaliza kurasa zote mbili na ukaona mmoja ni mjinga, swali lako halifai au hujamsikiliza vya kutosha. Msomaji anatakiwa kukubaliana na yeyote aliyezungumza mwisho, kila mara, mpaka kitabu kiishe.

Maswali mengine yanayobeba riwaya nzima yapo tele. Ukweli usemwe hata ukiua? Mtu anadaiwa nini na waliomzaa? Mgonjwa aamini nini, mkono wa mkunga aliyezalisha kijiji kizima au chanjo ya ndui ambayo Edward Jenner aliijaribu mwaka 1796 na ambayo jirani zake wanaiogopa? Hilo la mwisho ningependa mtu aniandikie.

Hatua ya 2: Chagua mwaka, usichague zama

Kipindi cha 1811 hadi 1820, mwanamfalme George alipotawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, ndicho waandishi wengi hukipenda. Wengi hukiandika kana kwamba kilikuwa jioni moja ndefu ya dansi. Lakini mwaka 1812 nchi ilikuwa vitani na Bunge lilipitisha sheria ya kuwanyonga wavunja mashine za kufumia. Mwaka 1815 ni vita vya Waterloo, Napoleon aliposhindwa. Mwaka 1819 wapanda farasi wa serikali waliuvamia umati uliokusanyika Manchester kudai haki ya kupiga kura. Mfumaji wa 1812 na mfumaji wa 1819 hawaogopi kitu kimoja.

Chagua mwaka unaolibana swali lako. Nilichagua 1816 kwa sababu kidogo kilizidi kuwa kidogo. Mlima Tambora, katika nchi tunayoiita leo Indonesia, ulilipuka Aprili 1815, na vumbi lake likazuia jua mbali sana na hapo. Mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi cha maana: mvua, baridi, mavuno yakaoza shambani. Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria ya nafaka mwaka 1815, iliyozuia ngano ya nje isiuzwe nchini mpaka bei ifike shilingi 80 kwa kipimo kiitwacho kwota. Mkate ukapanda. Wakati huohuo askari na mabaharia walikuwa wanarudi nyumbani kwa maelfu kutafuta kazi ambazo hazipo. Mei 1816 vibarua wa Littleport na Ely, miji ya mashariki mwa Uingereza, walifanya ghasia za njaa. Tarehe 28 Juni watano kati yao wakanyongwa.

Soma tena swali la Hester na Gideon ukiwa na hayo kichwani. Kumbe halikuwa la tabia tu. Mji mzima unaliuliza.

Chora jedwali la miezi 12 ya mwaka wako na ujaze hali ya hewa, bei ya chakula, sheria mpya, nani amerudi na nani ameondoka. Saa mbili za kazi hiyo zitakupa matukio mengi kuliko wiki nzima ya kukodolea macho dari.

Hatua ya 3: Tafuta sheria itakayowatoza

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Tofauti ya wapenzi lazima iwe na bei, na katika riwaya ya kihistoria bei hupangwa na sheria na desturi za mwaka ule. Ukikosa hilo, unaandika hadithi ya leo iliyovalishwa gauni refu.

Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa kuwa mtu anayejitegemea. Fedha zake, vyombo vyake, hata mapato ya kazi ya mikono yake viliingia kwa mume siku ya harusi; na kama alikuwa na ardhi, mume ndiye aliyeisimamia na kula mapato yake. Hali hiyo ilianza kurekebishwa kwa sheria za 1870 na 1882. Talaka kamili, ile ya kuruhusu mtu kuoa tena, ilihitaji sheria mahususi ya Bunge mpaka 1857. Mjane, kwa upande wake, alimiliki, alishtaki, alisaini mikataba kwa jina lake. Wajane wengi waliendesha viwanda vya chapa vilivyoachwa na waume zao, kwa hiyo Hester wetu si kioja.

Sasa tazama kilichotokea kwenye mfano. Hester mwenye mkono wa birika, aliyelipa madeni miaka mitatu, akisema ndiyo kanisani atakuwa amempa mtambo wake, herufi zake za madini ya risasi na sanduku lake mtu ambaye hajawahi kulala na shilingi mfukoni. Hahitaji baba mkali wala mpinzani mwenye hila wa kumzuia. Sheria inatosha, na hofu yake ni hesabu sahihi.

Upande wa Gideon nao unahitaji bei. Maofisa wa majini waliokosa meli baada ya vita walipewa nusu mshahara wakae kusubiri, hivyo ukarimu wake hauna chemchemi. Familia yake inayo. Hapa inabidi tuzungumze kidogo kuhusu utajiri wa mabwana katika riwaya hizi, kwa sababu unaandikwa kama mvua, kitu kinachotoka juu. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni yake mpaka sheria ya 1833 ilipoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834. Ukimpa bwana wako mashamba ya miwa visiwani Karibi mwaka 1816, ujue nani anakata hiyo miwa, na umfanye yeye ajue. Msomaji wetu anajua tayari. Nikaamua basi kwamba baba yake Gideon ana hisa katika shamba kama hilo, na kwamba Gideon, anapoishiwa, huandika nyumbani kuomba. Ghafla mtu mkarimu kuliko wote katika kitabu anagawa fedha ambazo si zake kwa namna mbaya kabisa, na yule bahili ndiye mwenye sarafu safi. Sikuipanga hali hiyo nilipoanza. Niliipata nilipouliza fedha zinatoka wapi.

Sheria ya pili ninayoitumia ni ndogo na haijulikani sana: tangu 1799 mpiga chapa alitakiwa kuweka jina lake na anwani yake kwenye kila karatasi anayoichapa. Lengo lilikuwa kuwakamata wachochezi. Iweke mfukoni, tutaihitaji kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 4: Wape kitu kimoja wanachofanana

Watu wasiofanana kwa lolote hawana hata lugha ya kugombania. Kimoja kinatosha, lakini kiwe cha ndani. Hester na Gideon wote hutimiza neno walilolitoa, na wote hawavumilii kuhurumiwa. Kila mmoja akimwona mwenzake anafanya kazi anaijua kazi ile ni ya fundi: vidole vya Hester vinavyookota herufi moja moja bila kuangalia, mafundo ya Gideon yanayofungwa gizani. Mvuto wao uanzie hapo. Macho ya bluu hayajawahi kubeba sura hata moja.

Hatua ya 5: Wakutanishe juu ya kitu, wasikutane juu ya tusi

Desturi ya kukutana dansini na kutukanana imechoka. Weka kitu kati yao ambacho kila mmoja atakishika kwa namna yake. Gideon anaingia kiwandani kuagiza matangazo 100: anawatafuta mabaharia wake wa zamani ambao hawajalipwa haki zao. Hester anataka fedha kabla ya kuchapa. Gideon analipa.

"Chenji yako, Nahodha."

"Mpe kijana."

"Kijana analipwa Jumamosi. Hii ni yako."

"Bibi, ni peni nne."

"Ndiyo maana nimezihesabu."

Hakuna aliyetukana. Lakini Hester amemwonyesha mwanagenzi wake kwamba mshahara wake ni haki yake, wala hasubiri hisani ya wateja. Gideon kaona hilo kama ubahili. Yeye naye amefanya wema, na Hester kauona kama majivuno. Msomaji ameshaona fadhila mbili zikigongana katika mistari mitano. Akishaondoka, mwache Hester agundue kwamba peni zile zimeachwa dirishani. Azikusanye, aziandike kwenye daftari kama deni analodaiwa. Sasa ana sababu ya kumtafuta.

Hatua ya 6: Jenga katikati kwa madeni

Katikati ya riwaya ndiko wengi wanakofia, na mimi nilikofia. Dawa niliyoipata ni kuacha kuuliza "watafanya nini sasa?" na kuuliza "nani anamdai nani?" Kila tukio liache deni jipya, la fedha au la jambo jingine, na deni lilipwe kwa sarafu ya mtu wa pili, yaani kwa namna ambayo mlipaji haijui vizuri.

Mwanzoni tofauti inaudhi, kama peni zile nne. Kisha panga tukio ambapo inaokoa: mvua imelowesha akiba ya karatasi na mteja mkubwa amekataa kulipa, na Gideon, kwa kuwa amegawa mkono wazi mji mzima, anajua milango 12 ya kugonga usiku ule. Halafu geuza. Gideon ana wajane watatu wa mabaharia wanaomtegemea na hana kitu; Hester anakaa na daftari lake na kumwonyesha kwamba kile anachokigawa ovyo kwa mwezi, kikipangwa, kingewalisha wote watatu hadi majira ya baridi. Baadaye kila mmoja ajaribu njia ya mwenzake na ashindwe vibaya. Hester atoe mkopo kwa huruma na adhulumiwe. Gideon abane matumizi kisha agundue aliyembania alikuwa na njaa kweli. Bila matukio haya ya kushindwa, mabadiliko ya mwishoni yatanuka uongo.

Kuna chombo kimoja cha wakati ule ninachokipenda kuliko vyote kwa kazi hii: barua. Kabla ya posta ya peni moja kuanza mwaka 1840, kwa kawaida aliyelipa ni mpokeaji, na alilipa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Wabunge na malodi walikuwa na haki ya kutuma bure kwa kiwango fulani. Nahodha wa nusu mshahara hakuwa nayo. Basi fikiria. Gideon amekwenda London kufuatilia malipo ya mabaharia wake, na kwa kuwa yeye ni mtu wa kugawa, anamwandikia Hester karatasi nne zilizojaa. Barua nzuri, za moyo. Na kila moja inamtoza Hester mara nne. Anazilipia. Yeye, mkono wa birika, anazilipia, na kwenye daftari anaandika "posta" bila maelezo. Msomaji akiona neno lile moja hahitaji ukurasa wa kuelezewa kwamba anapenda.

Kisha mtu amwambie Gideon jinsi posta inavyofanya kazi kwa watu wa kawaida. Tangu utotoni amezoea barua za nyumbani zinazokuja bure kwa saini ya rafiki wa baba yake bungeni. Barua inayofuata inafika ikiwa karatasi moja tu. Hester anaifungua kwa moyo mzito, akidhani mapenzi yamepungua. Ndani anakuta ameijaza, akaigeuza ubavu, akaandika tena juu ya mistari ya kwanza kwa kuikatiza, kama walivyofanya watu waliohesabu gharama. Inachukua jioni nzima kuisoma. Mgawaji amejifunza kubana, kwa ajili yake.

Tukio kama hilo huwezi kulibuni kutoka hewani. Linatokana na kujua posta ya 1816. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema utafiti ni pambo la mwisho. Utafiti ndio unaokuandikia matukio.

Kuhusu miili yao: mjane alikuwa na uhuru zaidi wa kukutana na mwanamume kuliko binti asiyeolewa, ambaye hakuachwa peke yake. Tumia uhuru huo polepole. Wino wa kupiga chapa hautoki mkononi upesi. Gideon akirudi nyumbani na alama ya kidole kwenye mkono wa shati, na mama mwenye nyumba akaiona, umeshasema mengi.

Hatua ya 7: Sikiliza maneno yao

Kiingereza cha wakati ule kilikuwa na ngazi za kuitana: cheo na jina la ukoo kwa wote, jina la kwanza kwa wachache sana. Kiswahili kina "wewe" moja kwa wote, hivyo ngazi hizo zihamishie kwenye "Bibi" na "Nahodha". Yabebe maneno haya kwa uaminifu kitabu kizima, kisha uchague mahali pamoja tu ambapo moja litaanguka. Mimi ningempa Hester aanze, tena kwa hasira: "Gideon, ondoka hapo, mtambo utakukata!" Wote wawili wasikie kilichotoka. Asiyefungua mdomo ovyo ndiye amefungua.

Angalia pia umri wa mafumbo yako. Mwanamke wa 1816 hawezi kuhisi "kama amepigwa picha", kwa sababu upigaji picha ulitangazwa duniani mwaka 1839. Hawezi kuwasha kiberiti. Njiti za kuwasha kwa kusugua zilianza kuuzwa mwaka 1827. Moyo wake usiende mbio kama treni ya abiria, maana reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa mwaka 1830, na asiandike bahasha wala kubandika stempu. Makosa haya madogo hayamuui msomaji, ila yanamwamsha usingizini, na ulikuwa umeshamlaza vizuri.

Mpe kila mmoja mafumbo ya kazi yake. Hester awaze kwa herufi zilizopinduka, kurasa, kingo. Gideon awaze kwa upepo na kina cha maji. Kufikia robo ya mwisho, mruhusu kila mmoja aazime fumbo moja la mwenzake bila kujua. Moja tu.

Hatua ya 8: Mpasuko utoke kwenye fadhila

Barua iliyopotea, binamu aliyedhaniwa kuwa mchumba, maneno yaliyosikika nusu mlangoni: hayo yote yanasema kwamba wangekaa dakika tano wakazungumza, pasingekuwa na tatizo. Kwa wapenzi wasiofanana, mpasuko mzuri ni ule ambao mazungumzo yanauzidisha.

Vibarua wamekamatwa. Gideon anaandika kipeperushi cha kuwaombea huruma na kuchangia familia zao, anampelekea Hester achape usiku, bila jina. Hester anakataa. Kuchapa bila jina ni kosa la jinai. Kuchapa kwa jina ni kupoteza kila mteja mwenye ardhi katika wilaya. Gideon anamwambia kile ambacho mji mzima humwambia, kwamba mkono wa birika haumwagi hata nyumba ikiungua. Na Hester, ambaye ameshajua kuhusu hisa za baba yake, anamuuliza swali moja: "Unagawa cha nani, Nahodha?"

Kila mmoja amesema kweli. Hakuna anayeweza kuomba radhi kwa kusema "sikumaanisha", kwa sababu amemaanisha. Wape sura mbili au tatu za kuwa mbalimbali, zisiwe fupi. Hapo ndipo kila mmoja anakaa peke yake na jibu la mwenzake na kuliona lina uzito.

Hatua ya 9: Waunganishe bila kuwabadilisha

Usimfanye bahili awe mgawaji, wala mgawaji awe bahili. Msomaji alimpenda kila mmoja kwa alivyo. Kinachobadilika ni kwamba kila mmoja anafanya jambo moja kubwa la upande wa pili, kwa namna yake mwenyewe.

Hester anachapa kipeperushi. Anakichapa kwa jina lake lote na anwani chini, herufi zimenyooka, wino haujavuja, kwa sababu kama utapoteza kila kitu basi kazi iwe safi. Nakala amezihesabu. Watano wananyongwa vilevile tarehe 28 Juni. Usibadilishe historia ili wapenzi wako wafurahi. Michango ndiyo inayofika kwa familia. Gideon anaandika nyumbani barua ya mwisho, ya kukataa fedha za shamba la miwa, na anaanza kuishi kwa nusu mshahara akiwa na daftari.

Kuhusu ndoa yenyewe, tahadhari mbili. Ya kwanza: msiwakimbize watu wazima kwenda Gretna Green bila sababu. Kijiji kile cha Scotland kilivuma kwa sababu sheria iliyoanza kutumika mwaka 1754 iliwabana walio chini ya miaka 21, na haikufika Scotland. Mjane wa miaka 29 anatangazwa kanisani Jumapili tatu na anafunga ndoa asubuhi, kabla ya saa sita mchana kama kanuni zilivyotaka. Ya pili: kulikuwa na njia ya kuilinda mali yake. Mahakama ya Chancery ilitambua mkataba uliosainiwa kabla ya harusi, unaoweka mali ya mke mikononi mwa wadhamini kwa matumizi yake peke yake.

Basi ungamo la mapenzi la Gideon si hotuba kwenye mvua. Anaingia kiwandani na mkataba, ameshausaini, kiwanda chote na kila senti ya faida yake vimebaki kwa Hester, na anauliza kama Hester anaweza kumchapia nakala moja ya kutunza. Ni zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kutoa, na imetolewa kwa kukataa kupokea. Hester anausoma mara mbili, kama asomavyo kila kitu, anakuta kosa la herufi kwenye mstari wa tisa, na analisahihisha. Kisha anafungua daftari na kufuta lile deni la peni nne.

Hatua ya 10: Pima rasimu

Acha rasimu wiki mbili. Ukirudi, badilisha mwaka kwa kuusogeza miaka 30 mbele na usome muhtasari wako. Kama hakuna tukio linaloanguka, rudi kwenye hatua ya 3. Halafu chukua ukurasa wowote wa mazungumzo, funika majina, usome kwa sauti. Kama huwezi kujua nani anasema, tatizo liko kwenye hatua ya 7, na mara nyingine liko kwenye ya 1. Hesabu pia nani amejinyima zaidi kufikia mwisho. Katika rasimu nyingi ninazosoma, zangu zikiwemo, ni mwanamke, na mwandishi hakukusudia.

Mwisho mpe mtu asome, na umuulize swali moja tu: kati ya hawa wawili, nani alikuwa na haki? Akijibu papo hapo, una kazi bado. Akianza kusema "huyu", kisha akasita, kisha akataka kufungua tena sura ya nane ahakikishe, rasimu yako imeiva.